Nimepiga sabuni mara mbili, mbona utitiri wanarudi kwenye mimea yangu ya ndani?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Ndani ya nyumba nina kalathea, ivi, mti wa mpira na mtende mdogo. Karibu mwezi sasa majani ya ivi na kalathea yamepauka na kujaa vidoti vyeupe, kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi laini. Juzi nimeona utando mwembamba pale jani linapoungana na kikonyo. Nimeambiwa ni utitiri. Nimepiga maji ya sabuni ya kuoshea vyombo mara mbili. Walipungua, kisha wakarudi wengi kuliko mwanzo. Dawa kali siitaki, nina mtoto anayetambaa na paka anayetafuna majani. Je, nibadilishe udongo? Kitunguu saumu kinasaidia? Au nitupe mimea yote nianze upya?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Usitupe kitu bado, na udongo uache ulivyo. Utitiri wa aina hii hawaishi kwenye udongo. Maisha yao yote, tangu yai, yako kwenye majani na vikonyo, hasa upande wa chini wa jani. Ukibadilisha udongo utakuwa umesumbua mizizi ya mmea ambao tayari ni mgonjwa, na adui umemwacha pale pale alipokuwa.

Kwanza hakikisha ni wao. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya jani, kisha ligonge jani kwa kidole mara mbili tatu. Tazama vumbi lililoanguka kwa muda kidogo. Vumbi halitembei. Ukiona nukta zinazojongea polepole, zipanguse kwa kidole: utitiri huacha mchirizi wa rangi. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10, geuza jani utazame kandokando ya mshipa mkubwa. Utaona viumbe wa rangi ya manjano au kijani hafifu wenye mabaka mawili meusi ubavuni, mayai ya duara yanayong'aa, na maganda meupe waliyoyavua. Mkubwa wao ana urefu wa karibu nusu milimita tu. Kama badala yake unaona vitone vyeusi vya kinyesi juu ya jani na vijidudu vyembamba vinavyokimbia, hao ni thripsi, na mbinu zake zinatofautiana kidogo. Lakini utando ulioueleza, pamoja na vile vidoti, unanifanya niamini uliyeambiwa ndiye.

Sasa kwa nini wanarudi. Utitiri si mdudu. Ana miguu minane akiwa mkubwa na ni wa ukoo wa buibui na kupe. Hufyonza chembe za jani moja moja, na kila kidoti cheupe unachokiona ni mahali ambapo ukijani umenyonywa ukaisha. Jike mmoja hutaga mayai kadhaa kwa siku, na katika maisha yake anaweza kufikisha 100 au zaidi. Hata asipopandwa hutaga, ila mayai hayo hutoa madume tu, ambao baadaye wanaweza kumpanda yeye mwenyewe. Kwa hiyo jike mmoja aliyesalia kwenye mkunjo wa jani anatosha kuanzisha kizazi kipya.

Halafu kuna joto. Chumba kikiwa na nyuzi 30 hivi, safari ya kutoka yai hadi utitiri mkubwa humalizika kwa wiki moja. Kwenye nyuzi 20 huchukua wiki mbili na ushei. Maji ya sabuni huua yule aliyelowa, tena wakati ule ule tu yakiwa bado mabichi. Yakishakauka hayana nguvu tena. Mayai mengi huyapita salama. Ndivyo ilivyokutokea: uliwaua waliotembea, wakapungua ukafurahi, na baada ya siku chache mayai yakaanguliwa. Hukukosea dawa, ulipumzika mapema. Kazi yote ya kupambana na utitiri bila sumu iko kwenye ratiba, na ratiba hiyo lazima iende kasi kuliko uzazi wao.

Nitakupa ninavyoifanya. Ivi na kalathea ziondoe karibu na mimea mingine leo hii. Majani yasigusane, na usishike mmea mzima baada ya kushika mgonjwa kabla ya kunawa mikono. Mti wa mpira na mtende nao uvigonge kwenye karatasi, kwa sababu mtende ni mmoja wa mimea wanayoipenda sana na majani yake membamba huficha dalili. Kata majani yaliyopauka zaidi ya nusu. Hayatarudi kuwa ya kijani hata utitiri wakiisha, na yanabeba mayai mengi kupita yote. Yafunge kwenye mfuko utupe nje siku hiyo hiyo.

Kisha maji. Hapa ndipo watu wengi wanaruka haraka kwenda kwenye dawa, na mimi nasisitiza kila ninapoulizwa: maji yenye msukumo ndiyo dawa ya kwanza. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye shina, peleka mmea bafuni, ulaze ubavu, upige majani kwa bomba la mvua kutoka chini kwenda juu. Lengo ni upande wa chini wa jani. Tumia maji ya uvuguvugu wa kawaida, na msukumo usiochana jani. Kwa ivi, ambayo majani yake ni madogo na mengi, unaweza kuupindua mmea wote na kuuzamisha kichwa chini kwenye ndoo ya maji, ukauchezesha huku na huku. Mti wa mpira, kwa kuwa majani yake ni mapana na magumu, unaupangusa kwa kitambaa laini kilicholowa, jani moja moja, juu na chini, mkono mmoja ukishikilia jani kwa nyuma. Badilisha kitambaa unapohamia mmea mwingine. Maji huondoa utitiri, huchana utando unaokinga mayai, na huondoa vumbi ambalo wanalipenda. Mara nyingi kuosha huku peke yake, kukirudiwa, kunapunguza idadi yao kuliko dawa iliyopigwa juu juu.

Baada ya majani kukauka, ndipo sabuni. Ninakuomba uache ile ya vyombo. Sabuni nyingi za maji za kuoshea vyombo kwa kweli ni ditajenti iliyotengenezwa kukata mafuta, na jani lina nta yake inayolikinga. Ukiiondoa mara kwa mara jani huungua pembeni. Tumia sabuni ya kuulia wadudu iliyotengenezwa kwa chumvi za potasiamu za asidi za mafuta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukiikosa, sabuni halisi ya maji itokanayo na mafuta ya mimea, isiyo na manukato wala rangi, mililita 10 kwa lita moja ya maji, yaani vijiko viwili vya chai. Kama maji yako ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, sabuni itaganda na kupoteza nguvu. Tumia maji ya mvua au yaliyosafishwa. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ungoje siku mbili. Kangaga na mimea mingi yenye majani mazito ya maji hazivumilii sabuni, na kalathea nayo ni nyeti, kwa hiyo kwake anza na nusu ya kipimo.

Unapopiga, piga jioni au kwenye kivuli, mmea ukiwa umeshakunywa maji. Loweka upande wa chini mpaka udondoke, na usisahau makwapa ya majani na vichomozo vipya. Tone lisipomgusa utitiri halimfanyi chochote. Baada ya saa moja au mbili unaweza kuusuuza mmea nyeti kwa maji safi. Kazi ya sabuni itakuwa imekwisha.

Mayai ndiyo yanayohitaji mafuta. Mafuta huyafunika na kuyanyima hewa, jambo ambalo sabuni hailiwezi vizuri. Tumia mafuta ya bustani, yaani mafuta mepesi ya kupulizia mimea, au ya mwarobaini, mililita 5 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, pamoja na matone ya ile sabuni ili yachanganyike, na utikise chupa kila mara maana hujitenga. Usiyapige kwenye jua, wala chumba kikizidi nyuzi 30, wala kwenye mmea ulionyauka kwa kiu. Usiyakutanishe na salfa, yaani dawa ya kiberiti: acha angalau wiki tatu kati ya kimoja na kingine, la sivyo majani yataungua. Na kwa kuwa una mtoto anayetambaa, mimea ikae kwenye chumba kilichofungwa mpaka ikauke kabisa, maana neno «asili» halimaanishi kitu kinaweza kuingia mdomoni.

Ratiba yenyewe ni hii. Chumba chenye joto, osha na upige kila baada ya siku 3 au 4. Chumba cha ubaridi, kila siku 5 hadi 7. Fanya angalau mizunguko minne, ukipokezanisha sabuni na mafuta, na usiache kwa sababu tu huoni kitu. Baada ya mzunguko wa mwisho, endelea kugonga majani kwenye karatasi mara moja kwa wiki kwa wiki tatu hivi. Karatasi ikiwa safi muda wote huo, mmea unaweza kurudi kwa wenzake.

Umeuliza kitunguu saumu. Siwezi kukupendekezea. Nguvu ya maji ya kitunguu saumu au pilipili hubadilika kila unapoyatengeneza, na pilipili itakuwasha wewe na mtoto machoni kabla haijamtisha utitiri. Siki huunguza majani. Mafuta makali ya kunukia, hasa ya mti wa chai, ni sumu kwa paka hata kwa kiasi kidogo kinachomgusa manyoya akajilamba. Spiriti inaweza kusaidia kupangusa sehemu ndogo kwa pamba kwenye jani gumu kama la mti wa mpira, lakini kuinyunyiza mmea mzima ni kuhatarisha jani.

Na kwa kuwa umemtaja paka: ivi na mti wa mpira vyenyewe si salama kwake hata bila dawa yoyote. Utomvu wa mti wa mpira huwasha mdomo na tumbo, na majani ya ivi humtapisha. Itafutie mimea hiyo mahali pa juu asipopafikia, na mtoto pia.

Umefanya vyema kukwepa dawa kali, na si kwa ajili ya mtoto tu. Dawa nyingi za kuulia wadudu hazikutengenezwa kwa viumbe wa ukoo wa buibui. DDT ilipoenea mashambani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utitiri waliongezeka kwenye bustani za matunda kwa sababu iliwaua maadui wao ikawaacha wao. Utitiri huyu wa mabaka mawili, ambaye jina lake la kitaalamu ni Tetranychus urticae, ameshaonekana kuwa sugu kwa viambato zaidi ya 90. Hajajifunza kustahimili kufunikwa na mafuta wala kusombwa na maji.

Kama una mimea mingi sana kiasi kwamba kuosha moja moja hakuwezekani, ipo njia ya kuleta adui wake wa asili. Utitiri mlaji aitwaye Phytoseiulus persimilis alionekana Ujerumani mwaka 1958 kwenye okidi zilizotoka Chile, na tangu hapo anafugwa na kuuzwa kwa ajili ya kazi hii. Ana rangi ya chungwa, anakimbia kuliko windo lake, na mmoja anaweza kula mayai 20 kwa siku. Hali mimea, hamgusi mtu wala paka, na chakula chake kikiisha naye huisha. Anataka unyevu wa hewa uzidi asilimia 60, vinginevyo mayai yake hukauka. Hewa ikiwa kavu zaidi, Neoseiulus californicus huvumilia vizuri zaidi. Usimwachie siku uliyopiga mafuta. Osha mmea kwa maji, ungoje wiki, ndipo umlete.

Hewa kavu ndiyo huwapa utitiri nafasi, hivyo ondoa mimea karibu na kifaa cha kupasha joto na dirisha linalochomwa na jua la mchana. Kupulizia ukungu wa maji mara moja kwa siku hakubadilishi hewa ya chumba kwa zaidi ya dakika chache. Kukusanya mimea yenye afya pamoja au kutumia kifaa cha kuongeza unyevu kunasaidia zaidi. Usiuache mmea ushikwe na kiu, na usiupe mbolea ya naitrojeni wakati wa matibabu. Majani laini yaliyoshiba naitrojeni huwafanya utitiri watage zaidi.

Mmea wa kutupa ni ule uliopoteza majani karibu yote na utando umefunika hata vichomozo vipya, hasa kama ni wa kawaida unaopatikana kwa urahisi. Kwa maelezo yako, kalathea bado inaweza kupona: hata ukikata majani yote yaliyopauka, itachipua kutoka kwenye shina lake la chini ya udongo mradi mizizi ni mizima. Ivi ikikushinda, kata vipande vya ncha vyenye majani safi, vizamishe kwenye maji ya sabuni kwa dakika chache, visuuze, uvioteshe kwenye glasi ya maji mbali na mimea mingine. Huo mmea wa zamani ufunge kwenye mfuko kabla hujautoa chumbani, na ukioshe chungu chake kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kupanda kitu kingine.