Nta ya mshumaa na rangi ya mdomo kwenye gauni: asetoni au petroli?

Swali: Gauni langu la polista, lenye bitana ya aseteti (kitambaa laini kinachofanana na hariri), limedondokewa na nta ya mshumaa mwekundu. Kwenye kola kuna doa la rangi ya mdomo. Mmoja kaniambia nitumie asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, mwingine petroli. Nishike lipi?

Jibu: Yote mawili yaache. Petroli hutoa mvuke unaodaka moto kwa cheche ndogo tu, haifai kabisa kusafishia nguo. Asetoni nayo huyeyusha aseteti yenyewe. Polista ya juu itasalimika, lakini tone likipenya hadi kwenye bitana, litaitoboa.

Nta huanza kubanduliwa, kuyeyusha ni baadaye. Igandishe kwa barafu iliyofungwa kwenye mfuko, ivunje, kisha ikwangue kwa ukingo wa kijiko. Najua wengi hukimbilia pasi na karatasi. Kwa mshumaa mweupe njia hiyo hufaa, lakini wako ni mwekundu, na joto huipenyeza rangi ndani ya nyuzi za polista. Ikishaingia hivyo, kuitoa ni kazi kubwa.

Mabaki yatolewe kwa waiti spiriti, ile ya kupunguzia rangi ya mafuta. Nta ya mishumaa mingi na waiti spiriti hutokana na mafuta ghafi, ndiyo maana waiti spiriti huiyeyusha. Spiriti ya kusafishia vidonda haiigusi nta sana.

Rangi ya mdomo ina nta, mafuta na rangi. Waiti spiriti huondoa viwili vya kwanza. Chembe za rangi nyingi haziyeyuki, huhitaji kubebwa na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Wekundu ukibaki, ndipo utumie ile spiriti ya vidonda, sehemu moja kwa mbili za maji kwa ajili ya hiyo aseteti.

Kila kimiminika kijaribu kwanza ndani ya pindo, ukandamize kitambaa cheupe uone kama rangi ya gauni inahama. Kisha laza doa likitazama chini juu ya kitambaa cheupe, ugongegonge kwa nyuma. Usisugue, doa litatanuka.

Fungua madirisha, zima kila moto, vaa glavu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isikaribie spiriti wala asetoni, kwani zikichanganyika hutoa sumu. Gauni likauke hadi harufu iishe ndipo lifuliwe, na pasi isubiri hadi doa limetoka lote.

Ukirudia mara mbili na wekundu ukang'ang'ania, lipeleke kwa drai klina, na umtajie kila ulichotumia.