Bolti ya 10 ya hadweya kukwama kwenye kalipa ya breki ya pikipiki
Umenunua bolti hadweya, inagoma kuingia kwenye kalipa (kile kifaa kinachobana diski ya breki)? Usiilazimishe, ndugu. Unene ni sawa lakini nyuzi si zile: bolti ya milimita 10 ya kawaida hadweya ina nafasi ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, na pikipiki nyingi za Kijapani hutumia 1.25. Ndiyo maana inaingia mizunguko miwili kisha inagoma. Ukiikaza kwa spana utakula nyuzi za kalipa, na hiyo ni alumini, haina msamaha.

Nenda kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, na bolti ya zamani mkononi. Ilaze na mpya ubavu kwa ubavu, nyuzi zikumbatiane. Ukiona mwanga katikati, rudisha. Halafu tazama namba kichwani pa bolti: 8.8 au 10.9 ndiyo daraja la nguvu yake, kubwa ndiyo imara zaidi. Usishuke chini ya ile iliyokuwepo, na isiyo na namba yoyote usiifunge kwenye breki wala ekseli, hata kama inang'aa vipi. Nimeng'oa nyingi zilizokatikia ndani, na najua kazi yake.

Ya milimita 8 haisumbui hivyo, kwa kawaida ni 1.25 kote, kichwa tu ndicho hutofautiana, spana 12 au 13.