Maswali ya Wasomaji: Mmea uonekane kama umechorwa kwa brashi

Nina kamera yenye lenzi ya 18–55. Nataka alizeti zangu zionekane kama mchoro wa rangi, lakini nikitikisa kamera napata picha nyeupe tupu au ukungu usio na umbo. Nakosea wapi? – Msomaji, Kongwa

Hayo ni makosa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Weupe unatokana na jua. Katika jua kali la mchana, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi la f/16 (namba ikikua, tundu linabana), picha inahitaji mwanga wa kama 1/100 ya sekunde tu. Wewe unataka kati ya robo sekunde na sekunde nzima, kwa hiyo lazima iungue. Ukibana tundu hadi f/22 unafika 1/50, bado haitoshi. Filta ya ND8, yaani kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga, itakushusha hadi 1/6. Ya ND64 itakupa zaidi kidogo ya sekunde moja. Kama huna filta, uwe shambani kunapopambazuka, kabla jua halijachomoza. Weka f/16 na nusu sekunde, kisha rekebisha kwa kuangalia picha ya kwanza.

Umbo ni suala la upande unaosogeza kamera. Alizeti, mtama na uwele vimesimama wima, basi kamera nayo ipande au ishuke wima, na bua litabaki kuwa mstari. Ukienda kushoto na kulia unayakata mabua yote na picha inakuwa uji. Mizabibu ya Hombolo ni kinyume chake: imetambaa kwenye nyaya, hivyo fuata waya. Anza kusogeza kabla ya kubonyeza na usisimame hadi shata, pazia linaloingiza mwanga, ifunge, la sivyo mkono unaonyanyuka taratibu utaacha kivuli kizito mwanzoni. Mwendo usizidi theluthi ya urefu wa picha.

Ukitaka ua litambulike, fanya kinyume kwa makusudi: weka sekunde moja, tulia nusu yake ya kwanza, halafu vuta kamera juu. Petali zitaonekana, na rangi itachuruzika kutoka kwazo. Kwa macho yetu, hii ndiyo njia inayoipendeza alizeti kuliko zote.

Zima kizuia mtikisiko, kile kiswichi cha VR au IS ubavuni mwa lenzi, maana kitapigana na mkono wako na kuacha mikunjo kwenye mistari. Ukishapata fokasi, ihamishie kwenye M (fokasi ya mkono) isije ikahangaika katikati ya mwendo. Stendi inasaidia kama utalegeza skrubu ya juu-chini peke yake.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni mandharinyuma. Kamera ikisogea, kilicho cheupe hufunika kilicho cheusi; anga jeupe nyuma ya ua litazila petali zote. Tafuta kilima, kivuli au majani mabichi. Alizeti iliyokomaa hutazama mashariki, kwa hiyo jioni ukisimama mbele ya ua, jua linapita kwenye petali kutokea nyuma na njano yake inawaka.

Picha zangu zina madoa meusi palepale kila mara, ingawa kamera ilikuwa inasogea. – Msomaji, Makutupora

Ni vumbi lililokaa kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha. Linasogea pamoja na kamera, ndiyo maana mmea unafutika lakini doa halifutiki, na f/22 ndiyo inayolifichua zaidi. Hakikisha kwa kupiga anga tupu kwa f/22. Lisafishe kwa pampu ya mpira huku mdomo wa kamera ukitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yakitua hapo ni fundi tu. Kiangazi cha Dodoma na upepo wake, usibadilishe lenzi shambani. Filta nzito pamoja na f/8 nayo hupunguza tatizo, kwa sababu tundu likiwa pana vumbi halichoreki wazi.

Nina simu tu. Inawezekana? – Msomaji, Nkuhungu

Inawezekana, lakini si mchana. Kwenye simu nyingi tundu halibanwi, mara nyingi ni pana kama f/1.8, na hata ND64 peke yake haitoshi kwenye jua. Fungua sehemu ya Pro, ile inayokuruhusu kupanga mwenyewe, weka ISO 50 na 1/4 ya sekunde, kisha piga dakika 15 hadi 20 baada ya jua kuzama. Giza huingia upesi, kwa hiyo chagua mmea wako mapema. Simu ikikosa Pro, pakua programu ya kamera inayokuruhusu kuweka kasi ya shata mwenyewe.