Mwalimu mpya wa kwaya, zaburi isome kabla hujaiimbisha

Ukipewa kufundisha zaburi yenye muziki wa kisasa huku kwetu Masasi, kinanda kiache kwanza. Isomeni wote kwa sauti ya kawaida, kama mnasoma barua ya nyumbani. Mimi sikufanya hivyo. Niliitungia muziki Zaburi ya 23 kwa siku mbili, nikaandika sol-fa (nota kwa herufi: d, r, m) ubaoni, tukaanza. Tulipofika "sitapungukiwa na kitu", mzee mmoja wa besi akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona hili neno linachechemea?"

Alisema kweli. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, yaani sitapunguKIwa. Mimi pigo zito nililiangusha kwenye "ngu", "ki" ikapita kama haipo. Nikafuta ubao mzima. Tangu siku hiyo maneno nayapigia makofi kabla sijaandika d wala r. Na "mchungaji" je? Ile "m" ni silabi kamili. Ipe nota yake, hata fupi, midomo ikiwa imefumbwa. Usipoipa, sauti ya kwanza wataimba "muchungaji" na besi wataimba "chungaji", na huyo chungaji sijapata kumwona katika Biblia yoyote.

Ndanda si mbali. Kwa watawa Wabenedikto wa pale zaburi huimbwa kila siku. Kaa nyuma kabisa usikilize wanavyonyamaza kidogo katikati ya mstari. Pumzi yote iko pale.

Kisha tafuta Chichester Psalms, utungo wa kwaya wa Mmarekani Leonard Bernstein, wa mwaka 1965, unaoimbwa kwa Kiebrania. Zaburi ya 100 mle inakwenda kwa mapigo saba. Kwaya yangu waliyazoea kwa kutembea ukumbini wakihesabu mbili, mbili, tatu (wawili waligongana, wakacheka, wakashika). Lakini penye utamu ni sehemu ya pili. Mtoto anaanza peke yake Zaburi ya 23, wanawake wanampokea, mara wanaume wanavamia na Zaburi ya 2. Wanawake wanarudi na mchungaji wao kana kwamba hawasikii fujo ile. Mbinu hiyo ijaribu kwa Kiswahili: "Mbona mataifa wanafanya ghasia" ina silabi fupi fupi, inapigika mdomoni kama ngoma, na juu yake "maji ya utulivu" yanatandazwa kwa nota ndefu. Usiweke zaburi mbili mahali pote, watu watapoteza maneno. Mistari minne inatosha.

Vinubi viwili vya Bernstein hatuna. Kinanda cha betri kinatosha, ila chaji mapema.

Jambo la mwisho ni kalenda. Wakati wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya ukungu, kwenye mikorosho, koo hukwaruza. Usidai nota za juu. Oktoba wanaume hawaonekani mazoezini, wako kwenye korosho. Kwa hiyo ile ghasia ya wanaume iandike iimbike hata wakija watatu.