Kompyuta inayofanya kazi nyingi kwa pamoja: ipi ni ya kweli?

SWALI: Windows 3.1, toleo la zamani la Windows, ilifungua programu kadhaa, lakini moja ikikwama zote zilisimama. Je, huko kulikuwa kufanya kazi nyingi kwa kweli?

JIBU: Kwetu sisi, hapana. Katika toleo hilo la mwaka 1992, programu yenyewe ndiyo iliyoamua lini iachie prosesa, yaani kifaa kinachotekeleza maagizo ya programu. Ikizama kwenye hesabu ndefu, nyingine zote zilingoja.

Kipimo ni hiki: mfumo endeshi (programu kuu inayosimamia kompyuta) uweze kuinyang'anya programu prosesa, itake isitake. Saa ya ndani hukatiza kazi mara nyingi kwa sekunde; mfumo huhifadhi hali ya programu iliyokatizwa, kisha huipa zamu programu nyingine. Amiga, kompyuta ya kampuni ya Commodore, ilifanya hivyo tangu 1985 kwa kumbukumbu ya kilobaiti (KB) 256 tu, jambo la kustaajabisha! Ila haikulinda kumbukumbu ya programu moja isiguswe na nyingine, hivyo programu moja mbovu iliweza kuangusha mashine nzima.

Windows 95 ilizipa zamu programu mpya za biti 32, lakini zile za zamani za biti 16, kama za Windows 3.1, bado zilisubiriana. Ilipoganda moja, ulibonyeza Ctrl+Alt+Del mara moja tu, ukaichagua kwenye orodha, ukabofya End Task. Ulipobonyeza tena, kompyuta ilijiwasha upya na kazi ambayo hukuihifadhi ilipotea.