Maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka: kwangu kilikuwa kinyama kwenye utumbo

Mkuu pole sana kwa mdogo wako. Umesema tumbo linamuuma na kuacha kwa miezi sasa, dawa za vidonda hazijasaidia kitu na juzi kaanza kutapika. Nimepita humo humo ndo maana naandika kwa kirefu.

Yangu yalikuwa yanakuja kwa mawimbi, yanakaza mpaka najikunja, halafu yanaachia kabisa hata kazini naenda, na huko kuachia ndo kunakopoteza watu maana ukifika hospitali tumbo limeshatulia, unapimwa choo, unapimwa taifodi, unaingizwa kamera ya mdomoni wanaona kusafi, unarudi na dawa za asidi. Ile kamera inaishia mwanzo tu wa utumbo mwembamba, mimi tatizo lilikuwa chini zaidi.

Siti skani (ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili) ndo ilionyesha, na wakati huo tumbo limejaa, natapika nyongo, choo hakuna na hewa haitoki. Utumbo mwembamba ulikuwa umejiingiza ndani ya utumbo wenyewe, kama mkono wa shati unavyojikunja kwa ndani ukilivua haraka. Watoto wadogo huwapata sana na mara nyingi chanzo hakionekani, ila mtu mzima mara nyingi kuna kitu kinachouvuta, na kwangu ni kinyama kilichoota kwenye ukuta wa utumbo. Utumbo ukisukuma chakula unakisukuma na chenyewe, nacho kinaburuta ukuta. Kikirudi mahali pake maumivu yanaisha, kesho yanaanza tena.

Wakaniweka mpira puani kutoa maji ya tumboni, dripu, nikaingia kupasuliwa. Mtoto wanaweza kumrudishia utumbo kwa hewa bila kisu, lakini mtu mzima kwa kawaida anapasuliwa maana kwa macho huwezi jua kama uvimbe ni kansa, na utumbo uliobanwa ukikosa damu unaoza. Walikata kile kipande wakaunganisha. Maabara wakasema ni inflamatori fibroidi polipu, uvimbe nadra usio kansa, daktari mmoja aitwaye Vanek ndo aliuelezea mwaka 1949. Hausambai, na ukikatwa wote ni nadra sana kurudi. Kusubiri hayo majibu kuliniuma kuliko mshono, nasema kweli.

Sasa dogo kama anatapika, tumbo limevimba na hatoi hewa, msimpe dawa ya kulainisha choo wala enema (maji ya kuingiza njia ya haja kubwa) hapo nyumbani, asile, apelekwe emajensi penye daktari wa upasuaji. Kama leo katulia bado mpelekeni, mumwambie daktari wazi kwamba maumivu yanakuja kwa mawimbi na mumuulize kuhusu siti skani, ultrasaundi nayo inaweza kuona ila gesi ikijaa inaficha. Na maumivu yakigoma kuachia, homa ikapanda, tumbo likawa gumu ukiligusa, msingoje asubuhi.