Mkulima wa nyanya, siku ya kupiga dawa jitunze na wewe

Wakulima wenzangu, hasa sisi wa huku Ilula, Iringa, nyanya tunazibembeleza kuliko tunavyojibembeleza wenyewe. Tangu kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, aingie, mwaka 2014 huko, pampu haikauki, na jioni kichwa kikigonga tunasema ah ni jua tu. Sio jua kila siku jamani.

Mi nilianza na mgongo. Pampu ya lita 20 ukiijaza umebeba kilo 20 za maji, hapo pampu yenyewe hujahesabu, halafu shamba lenyewe mlima. Siku hizi najaza nusu, kwenda kuchota kunaongezeka kweli ila asubuhi naamka bila kushika kiuno. Kijana ninayefanya naye kazi alinicheka, sasa hivi na yeye anajaza nusu.

Halafu hii habari ya kunywa maziwa eti yanakata sumu, tuiache. Dawa nyingi zinapita kwenye ngozi, pale mgongoni pampu inapovuja, mikononi wakati wa kuchanganya, sasa maziwa yaliyo tumboni yatazuia nini? Kunywa kama unayapenda. Vaa glavu za mpira, za kitambaa zinanyonya dawa na kuishikilia hapo hapo kwenye ngozi, shati la mikono mirefu, na suruali ishushe nje ya gambuti maana ukiichomekea ndani dawa inachuruzika mpaka kwenye unyayo. Piga asubuhi mapema au jioni, upepo usikuletee usoni. Simu acha nyumbani, ukipokea na mikono ile umeshajipaka shavuni. Nguo za dawa sisi zina beseni lake, na hilo beseni halichanganywi na nguo za watoto wala haliingii jikoni.

Dukani angalia mkanda wa rangi chini ya lebo, nyekundu ndo kali kabisa, inafuata njano, bluu, kijani (kijani sio juisi, nayo ni dawa). Na ukipimiwa kwenye chupa ya maji usipokee, utaisoma wapi lebo?

Ukimaliza oga na sabuni, kula, lala. Mi siku hiyo sipangi palizi wala kuchuma, hata kama tenga limepanda bei.

Ila ukiona mate yanajaa mdomoni, jasho lisiloeleweka, macho yana ukungu, tumbo linasokota, usisubiri kesho. Vua nguo, jimwagie maji mengi na sabuni, uende zahanati na chupa ya dawa kwenye mfuko wa nailoni, daktari akisoma jina lake anajua aanzie wapi.